Ruksa Imegoma Kuwaka

Gari likizimika kimya kabisa, hakuna anayesogea. Unazungusha ufunguo, halitoi hata mguno. Watu wanajua ni betri, wanakupa pole kwa mbali na kuendelea na safari zao. Balaa ni gari linalopiga stata kwa nguvu zote, nyenye-nyenye-nyenye, halafu haliwaki. Sauti hiyo Ifakara husafiri kuliko tangazo la msiba. Aliye bafuni anaisikia na kuoga harakaharaka.

Pikapu ya baba mdogo inaitwa Ruksa. Iliingia bondeni enzi za Mzee Mwinyi, milango ya biashara ilipofunguliwa, na jina likabaki ingawa siku hizi ruhusa yenyewe inaitoa ikijisikia. Ni ya petroli, ya kabureta na distribyuta. Mafundi vijana wanaotembea na vile vidude vya kuchomeka chini ya usukani, wakasome ugonjwa kwenye simu, kwa Ruksa hawana pa kuchomeka. Asubuhi hiyo, mwishoni mwa masika, ilikuwa imebeba magunia ya mpunga kwenda mashineni upande wa Kibaoni, na foleni ya kukoboa haimsubiri mtu.

Wa kwanza kufika alikuwa kijana wa bodaboda. Plagi hizo, akasema, kabla hata hajashusha stendi. Pikipiki yake ina plagi moja, na kila ikigoma huwa ni hiyohiyo, kwa hiyo kwake injini yoyote ni plagi iliyozungukwa na vyuma vingine. Nyuma yake akaja mama lishe na mwiko mkononi: “Mmeinywesha nini jana?” Alipoambiwa ni petroli ya chupa ya pale barabarani, akatikisa kichwa na hakuona haja ya kuendelea na uchunguzi. Muuza vipuri yeye alisikia koili imekufa. Aliisikia akiwa dukani kwake, ng'ambo ya barabara, na kwa bahati njema alikuwa amebakiwa na moja, orijino.

Nilimpenda zaidi mzee mstaafu wa TAZARA. Alifika taratibu, akaweka sikio kwenye boneti, akanyanyua kidole tukanyamaza. “Mafuta hayafiki,” akasema. Hakuna wa kubishana naye. Chuo chake ni reli ya kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na vichwa vya treni amevisikia vikikohoa tangu ujana wake. Ila kichwa cha dizeli hakina plagi za kuwashia. Mafuta yanajiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Maradhi ya kukosa cheche, kwa mzee wetu, hayajawahi kuwepo duniani.

Baba mdogo alikuwa anatii wote. Kila ushauri ukitoka, anarudi kwenye usukani, anakanyaga mafuta mara kadhaa kwa hasira, anapiga stata. Bonde la Kilombero linajua mafuriko, lakini yale ya ndani ya kabureta tuliyatengeneza wenyewe.

Halafu ikatoka ile sauti ambayo lazima itoke: “Isukumeni!” Hapa naomba nitulie kidogo, maana nchi hii imepoteza nguvu kazi nyingi kwa neno hilo. Kusukuma kunasaidia betri ikiwa hoi au stata ikiwa imekufa, ili magurudumu yaizungushe injini badala yake. Ruksa ilikuwa inazunguka vizuri tu. Kuisukuma ni kama kumlisha mtu ambaye tatizo lake si njaa. Na mtasukumia wapi? Ifakara ni tambarare hadi macho yanachoka. Milima ya Udzungwa inaonekana pale, mizuri, ya kijani, ina mteremko wa kutosha nchi nzima, na hakuna hata mita moja inayotufikia. Wanaume walisukuma pikapu yenye mpunga kwenye tope jeusi, wakacheka, wakachafuka, wakairudisha ilipokuwa.

Binti wa jirani, ambaye kazi yake ni ya maabara, alikuwa anapita kwenda zamu. Akaamkia wazee, akasikiliza maelezo yote, plagi, petroli, koili, mafuta kutofika, kisha akauliza kwa adabu, “Sasa baba, mmepima?”

Kimya. Na swali hilo linatusuta sisi kuliko wengine. Mji huu umepima damu za watu tangu miaka ya 1950, Waswisi walipoanzisha maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mbu wa bonde hili wamekamatwa, wamehesabiwa na kuandikiwa ripoti kuliko binadamu wake. Wakubwa wanakumbuka jinsi kila homa ilivyokuwa malaria: unapewa dawa, ukipona ilikuwa malaria, usipopona ilikuwa malaria sugu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na leo hata mtoto wa hapa anakijua kile kipimo cha tone la damu chenye vimistari. Tukakubali kwa watoto. Kwa magari bado tunagawa klorokwini.

Fundi alikuja kwa baiskeli. Jambo la kwanza alilofanya ni kumtoa baba mdogo kwenye usukani, la pili kumwambia wa bodaboda azime sigara. Akamwomba binti apige stata kidogo, akasikiliza. Injini ilizunguka kwa mapigo, nzito-nyepesi, nzito-nyepesi. Mkanda wa taimingi ungekuwa umekatika, akasema, ingekimbia laini, bila kubana popote. Akachomoa bomba la kabureta, akaliingiza kwenye chupa, stata ikapigwa, petroli ikaruka humo. Mzee wa TAZARA akatazama pembeni. Chupa ikaachwa itulie, maana maji ni mazito kuliko petroli na yangejitenga chini, hayakuwepo. Mama lishe akakumbuka maharage yake jikoni. Chupa ikapelekwa mbali kabla ya chochote cha kutoa cheche, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini yule bwana.

Akafungua plagi moja: imelowa petroli. Akaiunga na waya wake, akailaza kwenye chuma cha injini, stata ikapigwa. Hakuna cheche. Kijana wa bodaboda alirusha mikono kama amefunga goli. Fundi akatoa plagi nzima mfukoni, akarudia. Giza vilevile. Mikono ikashuka. Akarudi nyuma hatua moja, kwenye waya mnene unaotoka koili kwenda katikati ya distribyuta: nao mkavu. Muuza vipuri tayari alikuwa anavuka barabara mbio kufuata koili.

Fundi hakumwita. Alitoa kijitaa chenye waya mbili, akahakikisha umeme unaingia kwenye koili, na kwamba kijitaa kinakonyeza platini zinapofunga na kufungua. Kisha akabadilisha ule waya mnene tu, akaazima wa plagi nambari nne. Cheche ikaruka, ya buluu, ikilia tak-tak-tak.

Waya wa zamani tuliugeuza. Upande wa chini, usioonekana, ulikuwa umegugunwa hadi ndani, na mahali ulipopita palikuwa na kiota: nyuzi za kiroba, mabua, punje za mpunga wa baba mdogo mwenyewe. Mkoa huuhuu wa Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linasomesha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kamboja, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Huyu wetu aliamua kubaki kijijini.

Kofia ya distribyuta ikafutwa unyevu wa masika, plagi zikakaushwa, na baba mdogo akaruhusiwa kurudi kwa sharti moja: akandamize mafuta hadi chini bila kupampu, hewa iingie. Ruksa ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Muuza vipuri alifika akihema, koili mkononi, akauza waya. Mzee wa TAZARA akasema yeye alishaeleza mapema kwamba kuna kitu hakifiki. Kijana wa bodaboda naye akadai waya wa plagi ni plagi.

Jioni baba mdogo akaanza kuulizia paka. Mama lishe akamwambia asithubutu kuchukua wa sokoni, hao wamelelewa kwa vichwa vya kambale na panya hawamtambui. Muuza vipuri anadhani anamfahamu mtu mwenye mmoja, orijino.