Mwongozo wa Aliyeachishwa Kazi na Ulaya

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Butimba (upande wa nje wa ukuta wa gereza) anayekata minofu ya sangara kiwandani na bado anadhani bosi wake yuko Mwanza. Bosi wako ni mla samaki wa Ulaya. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu kwa hofu ya kipindupindu. 1999 ukawazuia tena, safari hii kwa habari za wavuvi wanaotumia sumu. Mwaka 2020 ikaja korona, ndege zikalala. Kila mara sangara walibaki ziwani na wakataji wakabaki nyumbani. Zamu yako ikifika, fuata utaratibu ufuatao.

1. Chagua nchi ya kufukuziwa.
Marekani ilianzisha mwaka 1962 mpango maalumu kwa mfanyakazi aliyenyang'anywa riziki na biashara ya nje: mafunzo, posho, hata msaada wa kutafuta kazi nyingine. Usikimbilie ubalozi, maana tangu Julai 2022 hawachunguzi maombi mapya. Kwetu Tanzania fungu la namna hiyo halipo. Sheria haiulizi kama umeponzwa na Ulaya, na uhaba wa sangara, au na shemeji wa meneja. Nyote mnapanga foleni moja.

2. Hakikisha ulikuwa umeajiriwa.
Hapa wengi huteleza. Umesimama getini alfajiri miaka saba, msimamizi akinyoosha kidole: wewe, wewe, na yule mwenye kofia. Umevaa buti jeupe, umekata minofu hadi vidole vikafa ganzi kwa barafu, jioni ukasaini karatasi ukapewa chako. Hiyo ni kazi. Kiwanda kitakuambia haikuwa ajira, ulikuwa kibarua. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inakutetea: ukithibitisha umemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unahesabiwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Shida ni kwamba ile karatasi uliyosaini jioni iko ofisini kwake.

3. Dai chako, na udai haraka.
Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku nne, zinazotosha kabisa kumjulisha mwenye nyumba. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka kumi. Kama umetumika miaka 25, ile 15 ya ziada umeitoa sadaka. Ukiona umeachishwa isivyo halali, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Desturi ni kuzitumia siku 29 kumngojea meneja aliyeahidi kupiga simu.

4. Nenda NSSF.
Tangu 2018 kuna fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Usiwe umeacha kazi kwa hiari, kwa hiyo usiandike barua ya kujiuzulu hata msimamizi akikuletea kalamu. Kisha jiandae kwa mazungumzo ya dirishani:
"Dada yangu, kwenye kadi wewe ni Magreth, kwenye NIDA ni Margareth."
"Ni mimi huyohuyo, kaka."
"Mimi najua. Mfumo ndio haujui."
Utaenda kwa wakili kuapa kwamba wewe ni wewe. Ukirudi, huenda ukaambiwa mwajiri alikukata michango ila hakuifikisha. Usizimie. Ulizia ofisi za kazi ziko wapi.

5. Jaribu halmashauri.
Kuna mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo tafuta wenzako mnaoaminiana, jambo gumu kwa watu ambao juzi walikuwa wakigombea kidole cha msimamizi. Ukiwa mwanaume mzima wa viungo uliyepitisha umri wa ujana, serikali inakuona umekamilika. Shukuru, uende zako.

6. Tumia mfuko unaofanya kazi.
Huu ni wa mke anayekaanga mapanki (mabaki ya sangara baada ya minofu kukatwa), dada wa Nyegezi anayekopesha unga, na kijumbe wa upatu aliyekubali kukusogezea zamu. Hauna fomu, na haukai bungeni wala Brussels. Ndio uliobeba Mwanza kila Ulaya ilipofunga mlango, na hakuna bajeti hata moja iliyowahi kuushukuru.

7. Ukipata kazi tena, anza na mwisho.
Siku ya kwanza omba mkataba wa maandishi. Mwezi wa kwanza hakikisha michango imefika NSSF. Piga picha kila karatasi unayosaini. Msimamizi akiuliza haraka ya nini, mwambie unajiandaa kufukuzwa. Akicheka, ujue hajakuandikisha. Asipocheka, ujue barua yako imeshachapwa.