Sifa Njema za Shangazi Kaja

Zipu yake ilikata roho kabla hatujafika kwenye lami. Tulikuwa bado kwenye vumbi la Kikwe: mimi nyuma ya bodaboda moja, shangazi yangu nyuma ya nyingine, na begi peke yake kwenye ya tatu kama mheshimiwa, limevimba tumbo mithili ya mbuzi aliyevamia shamba la maharage. Likatoa mlio, trrrr, likapanua mdomo, na chane la ndizi mshare likachungulia nje kuuaga Mlima Meru. Dereva hakushtuka. Alisimama, akachomoa kamba ya katani chini ya kiti, akalizungushia begi mara tatu kiunoni, akakaza kwa goti. "Shangazi Kaja haharibiki, mzee," akaniambia. "Anabadilika tu."

Wako waliomsifu ngamia kwa subira yake, na wako waliolisifu jahazi kwa tanga lake. Sijasikia aliyesimama hadharani kulisifu begi la plastiki iliyofumwa, lenye mirabaraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, lisilo na gurudumu wala mfuko wa pembeni, ambalo ukilibeba linakukata vidole na ukilikokota linachanika. Basi leo nasimama mimi.

Nianze na jina, maana sifa ya mtu huanzia kwenye jina. Mabegi ya wenye nazo huitwa kwa majina ya viwanda. Hili letu linaitwa kwa jina la ndugu: yule shangazi anayeshuka kwenye basi bila taarifa, na watoto wakakimbia kumpokea, macho yote kwenye begi. Kule Nigeria begi hilo hilo linaitwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Ghana lazima iondoke", kwa sababu mwaka 1983 serikali iliwaamuru wageni wasio na vibali wafungashe, na Waghana wengi wakaondoka na maisha yao yote ndani ya mabegi ya namna hii. Begi ni moja. Kwao limebeba jina la anayefukuzwa, kwetu jina la anayekaribishwa. Hata Paris wamelitambua: mwaka 2007 kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton ilitoa mkoba wa mirabaraba ya aina hiyo hiyo, kwa bei ambayo Kikwe ingenunua ng'ombe na ndama wake. Na mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku Tanzania, tarehe 1 Juni 2019, ndugu yetu huyu alibaki sokoni akining'inia mlangoni mwa duka kama kawaida, hana wasiwasi.

Sasa safari yenyewe. Mjukuu wa shangazi alikuwa anaoa Unguja, mwezi wa Julai. Shangazi hakuwahi kuiona bahari. Safari yake kubwa ya kwanza aliifanya mwaka 1951 akiwa mgongoni kwa mama yake, serikali ya mkoloni ilipowaondoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Kwa hiyo mizigo anaijua tangu alipokuwa mzigo yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata Wameru walichanga nauli wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kueleza shauri la ardhi yao. Shangazi akisimulia habari hiyo humalizia kwa swali moja: "Sijui alifungasha nini." Nadhani alimaanisha kwamba mtu aliyebeba malalamiko ya watu wote hao hana budi kuwa na begi imara.

Yeye alifungasha namna hii. Juu: ndizi, kitenge cha bibi harusi, sufuria mpya. Katikati: maharage nusu debe. Chini kabisa, chini ya maharage, vilizikwa vile ambavyo harusi haikutakiwa kuvijua: mashine ya presha, mashine ya sukari na vijiti vyake, mashine ya pumu, sindano, na pakiti mbili za biskuti ambazo nesi alisisitiza zisikae mbali naye. "Hao wakwe wasije wakasema wameoana na hospitali," aliniambia. Mimi ndiye niliyemimina maharage juu yake. Naungama hapa, na sitaungama tena.

Insulini pekee ndiyo iliyopona maziko hayo. Nesi alikuwa ameeleza vizuri: chupa ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, iliyoanza kutumika huvumilia joto la chumbani kwa wiki nne hivi, mradi lisizidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina, na ikiganda imekwisha kazi, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Kwenye buti la basi, juu ya lami ya Same na Korogwe saa saba mchana, dawa ingechemka kama supu. Kwa hiyo tulitia barafu kwenye chupa ya chai, tukaivingirisha insulini kwenye kipande cha kanga isigusane na barafu, na shangazi akaipakata kuanzia Usa River hadi Dar es Salaam. Konda alipita mara ya tatu akiikodolea macho. "Shangazi, si utugawie japo kikombe?"

"Imepoa, baba," alijibu shangazi.

Bandarini Dar es Salaam begi liliingia kwenye mashine ya ukaguzi na kutoka upande wa pili likiwa limezua maswali. Afisa, kijana mstaarabu kabisa, aliomba lifunguliwe. Kamba ya katani ikafunguliwa, maharage yakamwagika kwa furaha ya kuona bahari, na mbele ya foleni nzima vikapandishwa juu ya meza, kimoja kimoja, mashine ya presha, mashine ya pumu na mfuko wa sindano. "Hivi ni vya nani?" Shangazi alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaninyooshea kidole. "Vya huyu kijana. Anaumwa sana." Foleni ikanionea huruma. Bibi mmoja wa nyuma akanipa pole na kuniombea dua. Barua ya daktari ilisomwa, jina lililokuwamo halikuwa langu wala la jinsia yangu, afisa akatutazama wote wawili, akaikunja barua na kunirudishia bila neno. Mungu amzidishie.

Hapo ndipo nilipomkabidhi kuli begi, na hapo ndipo historia ilipotakiwa kunionya. Nchi hizi zimebebwa migongoni. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Tabora hadi pwani na mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, hata tukabaki na msemo wa kumpa Mnyamwezi mzigo mzito. David Livingstone, Januari 1867, alikuwa na sanduku moja la dawa, mkiwamo kwinini yake yote. Waliolibeba wakatoroka, sanduku likaenda nao. Aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Aliendelea miaka sita, akiugua na kuinuka, hadi alipofariki mwaka 1873. Kisha watumishi wake Susi na Chuma wakaukausha mwili wake, wakaufunga, na njiani wakaufanya uonekane kama mtumba wa nguo ili wapite salama. Wakafika Bagamoyo Februari 1874. Aliyepoteza mzigo wake wa dawa aliishia kuwa mzigo.

Kuli wetu hakutoroka. Alifanya kazi yake kwa uaminifu uliopitiliza: alilipanga begi letu chini kabisa ya mlima wa mizigo, masanduku na matenga ya nyanya juu yake, mahali ambapo mwanadamu asingelifikia kabla ya Unguja. Sisi tukakaa vitini na chupa yetu ya chai.

Kwa saa moja ya mwanzo shangazi aliisifu bahari. Ikaja kusi. Boti ikaanza kupanda na kushuka, vijana wa boti wakapita wakigawa vimfuko vyeusi, na shangazi akakirudisha kifungua kinywa chote: chapati, chai, na uji wa saa kumi na moja alfajiri. Lakini sindano aliyojichoma kabla ya kula hairudi. Chakula kimetoka, dawa imebaki, na kazi ya dawa hiyo ni kushusha sukari. Mikono ikaanza kumtetemeka. Jasho likamtoka chini ya feni. Akaniita kwa jina la marehemu baba yangu. Nilijua anachohitaji ni biskuti, na nilijua ziliko: chini ya maharage, ndani ya begi, chini ya nyanya za watu. Nilichokuwa nacho mkononi ni chupa ya insulini, ile ile iliyokuwa ikimmaliza.

Pembeni yetu alikaa mama wa Kipemba, kavaa buibui, miguuni pake Shangazi Kaja mwenzake, zipu imekufa, limefungwa kwa utepe wa mtandio. Baadaye alituambia kwamba kuli alilitaka, naye akamnyima kwa kuwa halifungi. Alimtazama shangazi mara moja tu. "Huyu ana sukari?"

Nikafungua mdomo kusema ni mimi, kama tulivyozoea. Shangazi akaniwahi. "Ni mimi, dada."

Mkono wa yule mama ulizama begini hadi kwapani, ukaibuka na boksi la juisi, ukazama tena, ukaibuka na mashine ya sukari, ndugu pacha wa ile yetu iliyozikwa. "Nami nimo," alisema. Tone la damu likasoma 2.9. Akanywa juisi, tukasubiri dakika kumi na tano kwa saa ya simu yangu, tone la pili likasoma 5.1, na jina langu likarudi kuwa langu. Mzee wa kiti cha mbele, aliyekuwa amejifanya amelala, akageuka na kutuonyesha vidonge vyake vya presha kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Kijana wa ng'ambo ya njia akatoa kipuliza cha pumu. Hadi minara ya Mji Mkongwe inaonekana, safu zetu tatu zilikuwa zimefahamiana kwa maradhi kabla ya kufahamiana kwa majina.

Sasa nipime haki. Laiti tungekuwa na sanduku la magurudumu lenye mifuko sita, biskuti zingekuwa mfuko wa mbele. Shangazi angekula kimya kimya, angejifuta mdomo, na angeshuka Unguja na siri yake nzima na bila rafiki. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangesafiri na begi letu wangetafuta methali nyingine, maana kila aliyelinyanyua siku ile, kuanzia bodaboda wa Kikwe hadi kuli wa bandarini, alisema "Aisee!", na hakuna aliyelidhania usufi.

Mtu akinambia kwamba hiyo ni sifa ya kijinga kwa kifungashio, nitampeleka Kigoma. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli mjini Papenburg, wakaifumua, wakaitia kwenye makasha 5,000, wakaileta Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, wakaiunga upya na kuishusha Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli yenyewe ilikuwa mzigo kabla haijabeba mzigo wa mtu. Na kuharibika haikuharibika, ilibadilika tu.

Wenye hekima watasema vifaa vya tiba vikae kwenye mfuko wa mkononi, juu ya kila kitu, pamoja na kitu kitamu, barua ya daktari na dawa za siku mbili zaidi ya safari. Wana haki. Tulifanya hivyo wakati wa kurudi, na nakiri kwamba safari ilikuwa salama na haina la kusimulia.

Kwenye harusi shangazi aliweka chupa yake ya chai mezani, kati ya pilau na halua, na alipoulizwa akaeleza. Mkwe mmoja mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamvuta pembeni kumwonyesha mguu wenye kidonda kisichopona.

Mama wa Pemba hupiga simu kila Ijumaa. Huulizana namba, hii sita, ile tisa, kama watu wanaouziana mahindi. Begi lenyewe limestaafu Kikwe, kwenye kona ya jikoni, na kuku mtetea ameingia humo akaatamia mayai kumi na moja juu ya maharage yaliyosalia. Wiki iliyopita niliona lingenifaa, nikainama kumtoa. Shangazi alinipiga kofi la mkono.

"Mwache, baba. Naye ana mzigo."