Muulize Baba Mkubwa: Kumpeleka Mama Malawi bila Kuuza Shamba

Mama yangu ana miaka 71 na hajawahi kuvuka mpaka wowote. Mwaka huu mahindi yamekubali, nataka nimpeleke nje ya nchi japo mara moja kabla hajachoka. Marafiki wananiambia Dubai, mfuko unaniambia Njombe. Nifanyeje?
Mtoto wa Mwisho, Lizaboni

Barua yako imenikuta bado nina vumbi la Malawi kwenye viatu. Sijalifuta makusudi, maana majirani zangu hapa Mfaranyaki hawaamini jambo bila ushahidi.

Una bahati hukumwandikia mtu mwingine. Mimi ni karani mstaafu wa ushirika wa tumbaku. Nimesimamia mizani kule Namtumbo enzi ambazo mkulima akiniona tu anarudi kuipanga upya tumbaku yake. Juzi hapa nimempeleka mama yangu mzazi, bibi wa miaka themanini na ushee, hadi Mzimba na Nkhata Bay, nikamrudisha mzima na ameongezeka uzito. Hakuna mtu mwingine Songea aliyewahi kufanya hivyo. Wapo waliofanya, ila hawana safu gazetini.

Dubai achana nayo. Mama yako atafika, ataangalia ghorofa, atauliza anayefuta vile vioo analipwa shilingi ngapi, halafu ataomba kurudi. Mzee hasafiri ili ashangae. Anasafiri apate mtu wa kumuuliza, “Wewe ni wa nani?” na ajibiwe. Sasa sisi wa Songea swali hilo linajibika Malawi kuliko mahali pengine popote duniani, na hapa itabidi nikueleze historia kwa sababu naijua.

Zwangendaba aliwavusha Wangoni mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda nao hadi Ufipa, na huko ndiko alikofia. Baada ya msiba wakafanya kile ambacho koo zote hufanya baada ya msiba: wakagombana. Kundi moja likarudi kusini, likatulia Mzimba chini ya M'mbelwa. Kundi jingine likaja huku, likiwa na akina Zulu Gama, likawakuta Wangoni wengine, wa Maseko, wamekwishatangulia. Wakakaa nao kidogo, kisha wakawafurusha, na wale Maseko wakaishia Ntcheu, hukohuko Malawi. Kwa hiyo ufalme wa Njelu wa hapa kwetu na nyumba ya Jere ya kule Mzimba, yaani ukoo wa Zwangendaba, ni shina moja. Haya yote nilimweleza mama ndani ya basi, kuanzia stendi ya Shule ya Tanga hadi Makambako, karibu kilomita 300, bila kupumzika. Abiria wa nyuma yetu walihama viti ili wasikie vizuri. Walihamia nyuma kabisa, ambako nadhani sauti inarudi vizuri zaidi.

Umeuliza kuhusu gharama? Nakuja.

Pasipoti kwanza. Hii ya kielektroniki iliyoanza kutolewa 2018 ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Mama yako atahitaji kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Kama ni wa rika la mama yangu, ambaye tarehe yake ya kuzaliwa ni “mwaka ule wa nzige”, cheti hana. Mpeleke kwa wakili au mahakamani akale kiapo. Kama hiyo 150,000 inakuuma, waulize Uhamiaji habari za hati ya dharura ya kusafiria, ambayo ni nafuu zaidi na hutolewa kwa safari za nchi jirani. Viza ya kwenda Malawi Mtanzania haombi.

Balaa ambalo hakuna atakayekuambia isipokuwa mimi ni vidole. Mama aliyeshika jembe tangu utotoni hana tena alama za vidole. Mpini umezila zote. Wangu aliweka kidole kwenye kile kioo, mashine ikagoma. Akaweka kingine, ikagoma. Nilikuwa nimeliona hilo mapema. Wiki nzima kabla ya siku hiyo nilimlowekea vidole kila jioni katika uji wa ulezi vuguvugu wenye chumvi ya mawe, dawa niliyoibuni mwenyewe na ambayo siku moja itaitwa kwa jina langu. Kijana wa Uhamiaji akamnawisha mama kwa maji ya moto, akampaka mafuta kidogo, akamwambia abonyeze polepole, asisukume. Mashine ikakubali. Kama unavyoona, uji ulifanya kazi.

Njiani usitake ushujaa. Toka Songea na basi la alfajiri, lala Mbeya au Kyela, kesho yake asubuhi ndipo uvuke mpaka. Mtu mwenye magoti ya miaka 71 mkatie kiti cha mbele upande wa njia ya katikati; dirisha utakaa wewe, hata akikuambia anapenda kuangalia milima. Dereva mwambie mapema, kwa heshima, kwamba una mzee atakayehitaji kuchimba dawa, na ulizia litasimama wapi kwenye choo cha kweli, kwa sababu kichaka kinachomfaa konda hakimfai mama yako. Dawa zake za presha zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na zikae kwenye mkoba anaoupakata, sio chini kwenye buti. Mimi nilimwandalia pia mazoezi ya foleni: kwa siku kadhaa kabla ya safari nilimpanga mlangoni mwa jiko nikimgongea muhuri kwenye daftari kila akitaka chai. Alinigonga na mwiko. Nidhamu ya mpakani inaanzia nyumbani.

Mzigo sasa. Nilimkataza mama kubeba chakula, na nilikuwa na sababu. Machi 2025 Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao, kisha wakubwa wakakaa wakayamaliza. Mambo ya aina hiyo hubadilika, kwa hiyo kabla hujafunga gunia uliza hali ya wiki hiyo. Mama akanisikiliza, akatikisa kichwa, akabeba dagaa. Dagaa wa Nyasa, mwanangu! Waliovuliwa Mbamba Bay, wakapandishwa Mbinga kupita mashimo ya ngoro ya Wamatengo, wakafika Songea, halafu mama akawazungusha kwa barabara kupitia Njombe, Mbeya na Kyela, kuwapelekea watu wanaovua ziwa lilelile kutoka upande wa pili. Nilicheka hadi Uyole. Tulipofika Mzimba, ambako ni nyanda za juu mbali na maji, wale dagaa ndio walitupatia kuku na mahali pa kulala. Wazo la kubeba dagaa nililitoa mimi, kwa maana kwamba ningelitoa kama angenisubiri.

Kasumulu, mpakani, nilifika na hotuba. Ofisa wa Malawi aliniuliza dhumuni la safari, nikaanza na Mfalme Shaka wa Wazulu. Nilikuwa nimefika kwenye mto Zambezi mama alipochomoza nyuma yangu. Alikuwa amebeba kigoda chake cha miguu mitatu kutoka nyumbani, kile cha kukalia akipepeta, na foleni nzima alikuwa amekaa juu yake huku akisalimia wanaopita. Akasema, “Nimekuja kusalimia ndugu, baba. Wewe hujambo?” Yule ofisa akasimama, akapokea pasipoti kwa mikono miwili, akagonga muhuri zote mbili, ya mama na yangu, na wala hakuuliza ndugu gani. Hotuba ya kihistoria, ikitolewa kwa ufasaha, hufungua mipaka. Kigoda nacho beba, kinasaidia kidogo. Kadi ya njano ya chanjo beba vilevile, maana wanaweza kuiulizia.

Ukishavuka, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Mama yako usimrudishe. Dawa yake ya saa mbili usiku ya Songea ni saa moja usiku ya Karonga, na tumbo lake halijui kuna mpaka.

Kuhusu fedha nisikilize, hapa mzaha nimeuweka pembeni. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na hata baada ya hapo bei ya benki na bei ya mtaani zimekuwa jirani wasiosalimiana. Wabadilisha fedha wa mpakani ni wepesi wa vidole kuliko wa maneno. Badilisha kiasi cha siku moja mbili tu, zihesabu mwenyewe noti kwa noti kabla hujaachia zako, na ukirudishiwa fungu “lirekebishwe” lihesabu upya tangu mwanzo. Usitegemee mashine za benki peke yake, nyingine utazikuta hazina kitu. Nafuu ya kulala na kula utaiona. Chumba safi, maji na chandarua Mzuzu havitakufilisi. Nauli ndiyo inayopanda bila taarifa, hasa mafuta yanapoadimika, na huko huadimika kweli. Kwacha zilizobaki zimalizie upande wao, kwa kuwa hapa Songea hata kwenye harusi hazitupwi. Mimi kama mtaalamu wa mahesabu nilishika hazina yote. Mama alikuwa na yake ndani ya pindo la kanga, na kuna siku, kwa sababu za kitaalamu, tulitumia ile ya pindo.

Kutoka Karonga barabara inaambaa na ziwa, halafu pale Chiweta inaupanda mlima kwa kona ambazo mama alizihesabu kwa sauti huku akimkumbusha dereva habari za Mungu. Akawa ananiuliza kama ni kweli wanawake huku hawavai suruali. Nikamwambia hiyo ilikuwa sheria ya rais wao wa zamani, Kamuzu Banda, ilifutwa miaka ya 1990. Akatazama binti aliyekaa mbele yetu na jinzi yake, akasema, “Wamechelewa.”

Mzimba ukiweza nenda Agosti, wakati wa Umthetho, Wangoni wanapokusanyika kwenye mlima Hora wakiwa na ngao na ngozi. Lugha yao ya kila siku ni Kitumbuka, hutaambulia kitu, lakini mwache mama yako mlangoni kwa bibi wa rika lake halafu kaa kimya. Wangu alikaa na mwenzake kwenye mkeka, kila mmoja akisema lugha yake, wakahesabiana mababu kwa vidole. Nilitaka kuwasahihisha mahali fulani kwenye kizazi cha tatu, nikatumwa maji.

Nkhata Bay ndipo penye raha, na ndipo inapotazamana na Mbamba Bay yetu. Samaki wao maarufu ni chambo, ugali wao ni nsima, dagaa wanaita usipa. Kuoga ziwani ni kutamu ila kichocho kipo, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Ukirudi nenda ukapime. Pale ufukweni nilimsimulia mama vita. Agosti 13, 1914, Mwingereza Rhoades, nahodha wa meli ya Gwendolen, alikwenda Liuli yetu hii, wakati huo Wajerumani wakiiita Sphinxhafen, akaipiga mzinga meli ya rafiki yake Mjerumani Berndt iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Berndt, ambaye habari za vita zilikuwa hazijamfikia, akapanda mtumbwi kwa hasira kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa. Akatekwa. Mama alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza kwa nini basi hatukuja kwa meli.

Swali zuri, na jibu lake ni kwamba mimi nilipendelea barabara. Meli zipo ziwani: Mbeya II ya kwetu iliyozinduliwa 2021, yenye nafasi ya abiria 200, na Ilala ya kwao inayotembea tangu 1951. Lakini ratiba ya ziwa ni ya ziwa. Piga simu bandarini, kisha uliza tena siku yenyewe kama kuna inayovuka nchi, na kati ya Mei na Agosti ukumbuke mwera unavuma na mawimbi hayaheshimu wazee. Hainihusu mimi, sikuwahi kutapika kwenye chombo chochote cha majini ambacho kina mashahidi walio hai.

Mhariri ananionyesha saa. Kwa hiyo, mwanangu: kiapo cha kuzaliwa, pasipoti, vidole, kiti cha mbele, kulala Mbeya, kwacha kidogo kidogo, na umwache mama yako azungumze. Barua nyingine haraka haraka.

Wa Namtumbo anayelalamika kwamba baba yake hataki kusafiri kwa sababu ya kuku wake: wapeleke kuku kwa jirani mbele ya macho yake, wahesabiwe, waandikwe, jirani asaini. Mimi nina fomu, nauza.

Wa Tunduru anayetaka kumpeleka bibi yake Msumbiji: viza hakuna, na Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo wazi tangu 2010. Kabla hujaondoka uliza hali ya usalama ya upande wa Cabo Delgado, na wakikuambia ngoja, ngoja.

Na yule wa Bombambili anayesema alikuwa kwenye basi letu na kwamba historia niliyoisimulia ilikuwa ndefu mno: bwana, nauli ulilipia usafiri tu, elimu nilikupa bure. Wanaotaka kuniandikia waandike, ila barua za kuomba nauli hazijibiwi.