Mimi na Mkazo wa Kihispania

Mabibi na mabwana, ketini. Makofi yanatosha, nayapokea kwa niaba yangu mwenyewe. Mwenyekiti amesoma wasifu wangu harakaharaka, akaruka sifa kadhaa, nami ni mnyenyekevu mno kuzitaja kabla ya chai.

Mada ni silabi na mkazo katika Kihispania. Antonio de Nebrija alitoa sarufi yake mwaka 1492, akahangaika. Akademia ya Kifalme ikaanzishwa Madrid mwaka 1713, nayo ikahangaika. Mimi nimelimaliza suala hili chini ya mwembe: mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Casa. Sevilla. Barcelona. Andikeni, na jina langu mlipigie mstari.

Nani amenyoosha mkono? Binti wa mbele anauliza kuhusu Madrid. Madrid, mwanangu, ni neno lenye kiburi. Eti neno likiishia konsonanti isiyo n wala s, mkazo huenda mwisho? Ndilo nililokuwa nakuja kulisema, umenidakia. Bogotá je? Kile kialama juu ya a ni vumbi la mtambo wa chapa. Málaga? Vumbi pia, ila upepo umelisukuma mbele. Eti kialama ndicho kinachotangaza kwamba neno limevunja kanuni? Binti, nani kalipwa posho hapa?

Tugawe silabi. Perro: per, ro. Mpiga picha, pita huku, ubao uonekane, ila nionekane zaidi. Binti anadai rr haitenganishwi, ni pe, rro. Na ll vivyo hivyo, kwa hiyo paella ni pa, e, lla. Kamusi mkononi, adabu kaiacha nyumbani! Anaongeza kwamba neno atleta wengi Hispania hulikata at, le, ta, na Mexico a, tle, ta, na pande zote mbili ziko sahihi. Vizuri. Kama Mexico inaruhusiwa, mimi nimekosa nini?

Kanuni yangu nimeshaijaribu. Nilimsimulia mgeni kutoka Kolombia habari za marehemu mzee wangu, «mi papa», mkazo mwanzoni kama ninavyofundisha, akacheka hadi machozi. Hayo ndiyo matunda ya ufasaha. Unasemaje, binti? Baba ni papá, mkazo mwishoni, na papa kule kwao ni kiazi?

Naam, marehemu alikuwa mkulima hodari. Maswali yamefungwa. Vyeti vinauzwa mlangoni.