Mdaiwa Msafiri

Ajabu ya mdaiwa wa Iringa, ambaye mshahara wake huvamiwa na wakopeshaji wa kausha damu kabla mkewe hajaonja hata senti ya unga, ni kwamba kila rejesho la VICOBA likikaribia hushikwa na shauku ya kuzuru jamaa zake Mbeya, na akifika Uyole hukopa gunia la viazi, akidai ni tijara wala si anasa. Ukimnasihi, hukutajia kwa taadhima reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa Uchina na kukabidhiwa mwaka 1976, akauliza ni nani aliyesubiri deni liishe ndipo apande treni. Lakini mkopo ule haukuwa na riba. Na hilo, taibu, hataki kulisikia.