Koti la Theluji Katika Soko Mugdi

Shingo bado inaniwasha. Jumamosi saa saba mchana, simu yangu ikisoma nyuzi 37, nilisimama katikati ya Soko Mugdi hapa Garissa nimefungwa hadi kidevuni ndani ya koti la theluji, zipu imekwama, na mama anayeuza maziwa ya ngamia akiwaambia watu wanipishe, huyu ana malaria.

Chanzo ni binamu yangu wa Dubai. Alinialika Desemba twende Ski Dubai, mlima wa theluji ulio ndani ya jengo la maduka, ambako tangu 2005 watu huteleza kwenye mteremko wa mita 400 huku nje jangwa likiungua. Usiku baridi huzidishwa, maji yakapulizwa pamoja na hewa, matone yakaganda kabla hayajatua. Asubuhi kuna theluji mpya! Sisi theluji ya Mlima Kenya tunaipata ikiwa imeshakuwa maji, ndani ya Mto Tana, na mto ukifura hauji kututembeza bali kututoa majumbani.

"Jaribu, abti, kujaribu ni bure," kijana wa mitumba aliniambia nilipokwenda kutafuta koti la safari. Nikavaa. Nikapandisha zipu kwa mbwembwe.

Sasa, koti la namna hii halina joto lake hata chembe. Ndani limejaa manyoya laini ya bata, nayo kazi yake ni kushika hewa isitembee, maana hewa iliyotulia hupitisha joto kwa uvivu. Joto lenyewe unakuja nalo wewe: mtu aliyekaa tu hutoa joto kama la balbu ya wati 100. Kwenye baridi, hiyo ni akiba. Garissa, ambako hewa ya nje ina joto sawa na la damu yako, mwili umebaki na njia moja tu ya kujipoza, nayo ni jasho likauke. Ndani ya nailoni halikauki. Linateremka tu, likitafuta soksi.

Na zipu! Kile kidude cha kuvuta kina njia mbili juu zinazokutana kuwa moja chini, kikilazimisha meno ya kushoto na ya kulia yaumane. Hakijui kutofautisha jino na kitambaa. Bitana ikipita karibu, nayo inatafunwa, na kila ukivuta unazidi kuilisha.

Washauri walijaa. Mmoja alileta mshumaa, mwingine sabuni, mwingine samli, vyote vikapakwa kwa zamu. Mwalimu wa madrasa wa wanangu alipita, akasimama, akanisomea dua, akaenda zake bila kuuliza. Mwishowe wanaume wawili walinivua kwa kupitia kichwani, jinsi mbuzi anavyochunwa na mtu anayeitaka ngozi nzima. Kwa kuwa sasa lilikuwa na samli, ilinibidi nilinunue.

Glavu nilizopata zote ni za mkono wa kushoto.

Pasipoti, isiyopatikana bila kitambulisho, ndiyo hadithi nyingine, na hapo kicheko hunikauka. Marehemu baba aliacha kadi ya waridi, ile waliyopewa Wakenya Wasomali baada ya kuchujwa mwaka 1989, kuthibitisha kwamba nchi waliyozaliwa ni yao. Mimi nilipotafuta kitambulisho niliulizwa cha babu, mtu aliyechunga ngamia na kumjua kila mmoja kwa unyayo wake, ila hakuwahi kupigwa picha. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba mchujo wa wanaoomba vitambulisho umekwisha. Nashukuru. Lakini ndani ya basi la Nairobi bado naijua sauti ya polisi ya "vitambulisho juu", na bado naona macho yanaanzia kiti gani. Na huko kwenye theluji? Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alikwenda Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, akamaliza wa mwisho katika mbio za skii za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja mwishoni amkumbatie. Theluji ya ugenini ilimpokea Mkenya bila kumuuliza babu yake.

Jana binamu alipiga simu. Tiketi, anasema, inakuja na koti, suruali na viatu.

Koti langu linauzwa shilingi 800. Linanukia samli kidogo, na zipu haifungi. Kujaribu si bure.