Mwanao Kavaa Helmeti, Kashika Tarumbeta

Houston, Texas

Kaka, mfikishie Mama shikamoo yake, umwambie mjukuu anakula vizuri, na huko kukonda anakokuona kwenye simu ni mambo ya kamera.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ule wenye honi za malori nyuma yake mpaka nikajua foleni ya forodha mpakani Holili imefika wapi siku hiyo. Umeuliza mawili. Kwanza, inakuwaje mtoto anasomeshwa kwa walokole na sisi ni Wakatoliki wa Rombo tangu mapadre wapande mlima? Pili, mbona katika picha zote nilizokutumia hakuna hata moja ambayo ameshika kitabu?

La kwanza nitalimaliza upesi. Sheria ya uhamiaji ya huku haimruhusu mwenye viza ya mwanafunzi kusoma sekondari ya serikali zaidi ya miezi 12, na hiyo miezi yenyewe anailipia gharama zote. Shule binafsi hazina kikomo hicho. Na shule binafsi zilizo karibu nasi, ukiacha zile ambazo ungelazimika kuuza kihamba pamoja na mlima wenyewe, karibu zote ni za Kikristo. Wala mwanao si wa kwanza. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akapitia shule ya Kikristo ya Cypress, hapa hapa Houston, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 timu ya Memphis ikamchukua akiwa wa 2 katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA. Stephen Curry, unayemjua hata wewe usiyejua kikapu, alisubiri mpaka nafasi ya 7.

Sasa huyo Thabeet ametuletea taabu. Kocha wa kikapu aliposikia kuna kijana kutoka Tanzania alitoka ofisini mwenyewe kuja kutupokea, macho ameyaweka juu kabisa, usawa wa kizingiti cha mlango. Ikabidi ayateremshe polepole mpaka akamkuta mwanao chini huko. Thabeet ana futi 7 na inchi 3. Mwanao ana futi 5 na inchi 6, tena akiwa amevaa viatu. Kocha ni mcha Mungu. Alimpa mkono, akamwombea baraka, akarudi ofisini.

Fomu ya kujiunga nayo ilikuwa na jambo lake. Waliuliza: siku gani mtoto alimpokea Yesu? Nikajaza tarehe ya ubatizo, parokia na jina la msimamizi. Fomu ikarudi, wanataka siku aliyoamua mwenyewe. Nikawaeleza kwamba siku hiyo alikuwa na wiki tatu na uamuzi pekee aliokuwa nao ulikuwa ni kulia. Walicheka, wakaomba barua ya paroko, wakatupokea. Nakwambia hivi ili Mama aache kusali novena. Mtoto hajabadilishwa dhehebu. Kila wiki ana ibada ya shule yenye gitaa na ngoma kubwa, na Jumapili namburuza misani kama kawaida, akinung'unika kwamba gitaa ni zuri zaidi.

Kuhusu kitabu, vipo, navyo anavisoma. Ila lazima uelewe shule yenyewe ilivyo. Huko kwenu alikuwa mmoja wa mamia. Timu ya mpira ilikuwa na kumi na moja wake, kwaya ilikuwa na wenyewe, na mwanao kazi yake ilikuwa kushangilia akiwa nyuma ya uzio wa michongoma. Hapa sekondari nzima ni watoto wachache kiasi kwamba mwalimu mkuu anajua nani hapendi vitunguu. Na shule hiyo ndogo inataka kuwa na kila kitu ambacho shule ya watoto elfu tatu inacho: mpira wa Kimarekani, kikapu, wavu, riadha, bendi, kwaya, maigizo, uchoraji. Watu wa kufanya yote hayo watatoka wapi? Ni hao hao. Hakuna anayekaa benchi, kwa sababu anayetakiwa kukaa benchi anahitajika kwenye tarumbeta.

Wala sitii chumvi. Huu mpira wao, shule ndogo za Texas wanaucheza watu sita kila upande badala ya kumi na moja. Mwalimu mmoja wa Nebraska, Stephen Epler, ndiye aliyeubuni mwaka 1934, wakati wa hali ngumu ya uchumi, kwa ajili ya shule zisizofikisha idadi. Uwanja unapunguzwa kuwa yadi 80 kwa 40. Katika ule wa kumi na moja kuna majitu ambayo kazi yao ni kusukumana tu, kuudaka mpira hawaruhusiwi. Huu wa sita kila mchezaji anaruhusiwa kudaka pasi, hata anayeuanzisha mpira katikati. Mwanao ndiye huyo wa katikati. Anainama, anaupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, halafu anakimbia kama aliyefumaniwa na askari wa magendo kwenye njia za panya za Taveta. Kipaji hicho tunajua amekirithi kwa nani, tusiseme mengi.

Basi ikifika mapumziko, wenzake wa upande wa pili wanaingia chumbani kunywa maji. Mwanao anavua helmeti, anaiweka kwenye nyasi, anapokea tarumbeta kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anamshikia, na anajipanga na bendi huku bado amevaa yale mabega ya plastiki. Ile picha uliyoidhani ni ya vijana wawili waliosimama karibu karibu ni yeye peke yake, nimempiga mara mbili. Tarumbeta yenyewe anajua noti chache, na kiongozi wa bendi amemwambia azipige hizo hizo kwa nguvu na nyingine aziache zipite.

Kuna sheria moja inayonitesa. Timu ikiongoza kwa pointi 45 mpaka nusu ya mchezo, au baada ya hapo, mwamuzi anamaliza mchezo. Kwa wachezaji ni huruma. Kwa sisi wa kibanda cha vitafunwa ni hasara, maana hapa mzazi naye hakai bure. Unasaini fomu ya kujitolea saa kadhaa kila muhula, na mimi nimepangiwa kibanda. Nauza tango zima lililolowekwa kwenye siki, mtu analila mkononi kama muwa. Nauza na kitu kinaitwa Frito pie: unapasua pakiti ya chipsi za mahindi ubavuni, unamwagia humo humo rojo la nyama na maharage na jibini, unachomeka uma wa plastiki. Mama asielezwe hili. Ijumaa moja tulifungwa mapema, mchezo ukavunjwa mapumziko, na mimi nimebaki na sufuria la rojo ambalo lingelisha msiba. Bendi ilipiga hata hivyo. Wazazi wa timu iliyotufunga walikaa kusikiliza mpaka mwisho, wakanunua na matango.

Kabla ya mchezo kuna sala kwenye kipaza sauti, na sala hiyo ni ndefu. Kumbe ina sababu. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikataza shule za umma kuongoza sala kwa kipaza sauti kwenye mechi, na kesi yenyewe ilitoka Santa Fe, mji mdogo wa kusini mwa Houston. Shule binafsi haikuguswa. Basi muombaji wetu anasali kwa niaba ya jimbo zima: waamuzi, wagonjwa, wanajeshi, mvua, magoti ya vijana. Mchezo ukiisha timu zote mbili zinapiga magoti katikati ya uwanja pamoja, jezi zimechanganyika, waliofunga na waliofungwa. Hilo nimelipenda kweli, bila utani.

Mwambie na shemeji yetu Msabato wa Suji, anayelalamika kila mwaka mechi za UMISSETA zinapoangukia Jumamosi, kwamba huku ana wenzake. Mwaka 2012 Beren Academy, shule ya Kiyahudi ya hapa Houston, ilifika nusu fainali ya kikapu ya TAPPS, chama cha shule binafsi na za makanisa Texas. Mechi ikawekwa Ijumaa usiku, Sabato imeshaingia. Chama kikasema ratiba ni ratiba. Wazazi wakaenda mahakamani, nchi nzima ikashika habari hiyo, na mechi ikasogezwa hadi mchana. Wakashinda. Fainali wakaicheza Jumamosi baada ya jua kuzama, wakafungwa, lakini wamefungwa wakiwa na Sabato yao mkononi.

Chama hicho hicho kinachosimamia mpira ndicho kinachosimamia mashindano ya kwaya, bendi, uchoraji na maigizo. Ndiyo maana hapa mchoraji anapewa koti la shule lenye herufi kifuani sawasawa na mkimbiaji. Mwanao alichora foleni ya malori ya Holili, na mlima nyuma umefunikwa na wingu. Jaji akaisimamia muda mrefu, akauliza kama ile foleni ni upweke wa binadamu wa leo. Kijana akajibu, kwa adabu, kwamba ni Jumatano, na mtandao wa forodha umekatika. Alipewa alama za juu.

Sasa niingie kwenye lile lililomfanya shemeji, mke wako, anipigie usiku wa manane. Kila vuli kuna sherehe ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani, na Texas wana desturi yao: kijana anampa binti shada la kujibandika kifuani. Ua la plastiki ukubwa wa sahani, riboni mpaka magotini, kengele ndogo, mdoli wa dubu, majina ya wote wawili kwa herufi za dhahabu, na mengine yana taa. Bei yake inaweza kupita dola 100. Mwanao alikuwa amwandalie binti wa bendi, wanaenda kwenye dansi kama marafiki, pamoja na kundi zima na wazazi wawili mlangoni. Shemeji alipoiona picha kwanza aliuliza nani amefariki. Nilipomweleza, akampa Mama simu, na Mama akauliza kwa nini mahari imetolewa bila kikao, na kama upande wa pili wamekubali mbege au wanataka soda. Naomba mtulie. Hakuna mahari. Riboni nimezikata mimi na mke wangu sebuleni, na dubu tulimtoa kwenye midoli ya binti yetu, ambaye hajatusemesha tangu siku hiyo.

Unasema ulimpeleka Marekani asome, si acheze. Kaka, sisi tulisoma chini ya mwalimu wa nidhamu aliyetunyang'anya mpira wa makaratasi na kuuchoma mbele yetu mstarini, na divisheni ya kwanza bado haikuja. Huyu anarudi saa mbili usiku, anafanya hesabu mezani akiwa ananuka nyasi, na hesabu anazipata. Najua utasema ni shule ya wenye pesa, na ni kweli. Ada hiyo ingesomesha watoto wengi sana wa pale Himo, na nikiipiga hesabu hiyo silali. Ila mtoto aliyekuwa nyuma ya uzio amepewa mambo matano ya kufanya na watu wanaokasirika asipotokea.

Kwenye kwaya yuko besi. Mwalimu alimuuliza kama anasoma noti, akamwimbia wimbo mzima kwa do-re-mi alivyofundishwa parokiani, na sasa ndiye anayewashika wenzake wasipotee. Shida iliyobaki ni kumfanya asimame wima. Kila wakiimba, yeye mabega yanaanza kwenda, halafu safu nzima ya nyuma inamfuata.

Kwa sababu ya hiyo besi amepewa nafasi katika mchezo wa kuigiza wa mwaka huu, ambao una masista wengi na harusi moja kubwa kanisani. Mke wangu anashona shela za masista, na tafadhali usiende Huruma kuwauliza Masista wenyewe kama wana za zamani, maana nakujua. Mwanao ni askofu. Mama alikuwa anataka padre katika ukoo. Mwambie Mungu amepitiliza, japo ni kwa jioni tatu tu. Kofia tumeshaitengeneza kwa kadibodi. Kinachokosekana ni fimbo. Ile ya babu iliyopinda kichwani, inayokaa nyuma ya kabati la Mama, ifunge vizuri uitume. Kwenye fomu andika "fimbo ya askofu, iliyotumika." Wewe ndiye wakala wa forodha, utajua mwenyewe inatozwa kifungu gani.

Mdogo wako,
wa kibandani